Injini Ilikuwa Nzima

Ndege ndogo ikianguka wakati wa kuruka, neno la kwanza la watu huwa ni kwamba injini ilizimika. Nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nimeendelea kulisikia miaka yote niliyotumwa kuleta mabaki. Mara nyingine ni kweli. Lakini injini nyingi nilizofungua mimi zilikuwa zimefanya kazi mpaka propela ilipogonga ardhi.

Ajali ninayoikumbuka kuliko zote ilitokea kwenye uwanja wa nyasi wa shamba moja karibu na Nanyuki, zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Rubani alikuwa kijana aliyerudi majuzi kutoka ng'ambo na leseni ya rubani binafsi. Kanuni za kimataifa hudai saa 40 hivi za kuruka, na zake karibu zote alizipatia kwenye viwanja vya pwani, ambako hewa ni nzito na injini hupumua vizuri. Ndege ilikuwa Cessna 172 yenye nguvu za farasi 150. Alipakia watu watatu na mizigo yao, tangi zote mbili zikiwa zimejaa, akaruka saa nane mchana, jua likiwa kali.

Mahali palipo juu vile, joto likifika nyuzi 27, hewa huwa nyepesi kama ya futi 9,000. Injini ya aina ile hupoteza karibu robo ya nguvu zake, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla mabawa hayajaweza kuubeba uzito uleule.

Nilifika kesho yake asubuhi pamoja na wachunguzi. Alama za magurudumu zilionekana wazi kwenye nyasi: zilikuja moja kwa moja, zikakatika, zikaonekana tena mbele kidogo, kisha zikapotea kabisa. Aliinyanyua mapema. Karibu na ardhi ndege hubebwa kwa urahisi, na rubani mgeni hudhani sasa inapaa. Alipoona ua na migunga inamjia, akavuta usukani ili aivuke. Mwendo ukashuka, bawa la kushoto likainama, ndege ikaanguka.

Nilipiga magoti mbele ya pua. Ncha zote mbili za propela zilikuwa zimejikunja kuelekea mbele, na mikwaruzo ilikuwa imepita kwa upana wa mapanga yake. Propela iliyosimama haipindi hivyo. Kwa kawaida upande mmoja hupinda nyuma na mwingine ukabaki umenyooka. Nikachungulia ndani. Kile kifundo chekundu cha kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho, mafuta yakiingia kwa wingi wote. Tulipofungua plagi, tulizikuta nyeusi tititi, zimejaa masizi makavu kama chini ya sufuria ya kuni. Pwani, kuruka na kifundo kikiwa ndani kabisa ndivyo inavyotakiwa. Nanyuki, kifundo kile huvutwa kidogo mpaka injini ichangamke, la sivyo petroli inaikaba na kuipokonya hata nguvu chache zilizobaki.

Wote walitoka hai. Aliyeumia vibaya zaidi ni mfanyakazi wa shamba aliyepewa lifti kwenye kiti cha nyuma. Mgongo wake haukupona sawasawa. Ni yeye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu abiria hana njia ya kujua rubani wake hajui nini, na husahaulika upesi. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, yule mwindaji mashuhuri wa enzi za ukoloni, ambaye naye hakuwa rubani wa muda mrefu, aliruka kutoka Voi kwa Gipsy Moth yake, ikaanguka na kuwaka moto. Kaburi lake kule Ngong hutembelewa mpaka leo. Kamau, mtumishi wake aliyekufa naye, wengi hawamtaji.

Miezi kadhaa baadaye yule kijana alikuja karakana kwetu akitembea kwa magongo.

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Injini ilizimika?"

"Haikuzimika, kijana wangu."

Marafiki zake walikuwa wamemwambia ilizimika, kwa kumhurumia. Huruma ya namna hiyo siikubali, kwa sababu humrudisha mtu angani akiwa vilevile. Nilimpandisha kwenye Cessna iliyokuwa imetoka matengenezo, nikakanyaga breki, nikaongeza moto wote, nikamwambia akivute kifundo chekundu polepole. Mshale wa mizunguko ukapanda. Akakirudisha ndani, ukashuka. Alirudia mara tatu, macho hayabanduki pale.

"Mbona sikuonyeshwa hili?"

"Ulikojifunzia, uwanja uko usawa wa bahari. Hakukuwa na cha kukuonyesha."

Nikamfungulia kitabu cha ndege, mahali kinaposema kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 mchanganyiko urekebishwe kabla ya kuruka. Alikuwa amekisoma kitabu kile kwa ajili ya mtihani, akafaulu.

Nilimwomba jambo moja tu: aende Nanyuki amweleze yule mfanyakazi kilichotokea, kwa kuwa naye alikuwa bado anaamini injini ilizimika. Alikwenda wiki ileile, akamweleza mbele ya mkewe na watoto wake, na tangu hapo gharama za matibabu ya mgongo ule akazibeba yeye.