ALIDANGANYA KUWA ALIKUWA DADA MKUU, AKAULIZWA SWALI MOJA TU

Kiyoyozi kikali, meza ndefu, watu watatu upande wa pili. Mdada amevaa suti ya kuazima na viatu vya kuazima, mkoba tu ndio wa kwake. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanaenda freshi. Amejitambulisha, ametaja kozi aliyosoma, amesema anajua kompyuta. Halafu yule baba wa katikati akavua miwani, akauliza:

"Umewahi kuongoza nini?"

Akajibu fasta, hata mate hajameza: "Nilikuwa dada mkuu sekondari."

Uongo mtupu. Huyu mdada hajawahi kuwa hata kiranja wa chakula.

"Safi," baba akasema, akaandika kitu. "Tupe mgogoro mmoja ulioutatua ukiwa dada mkuu. Ilikuwaje, wewe ukafanya nini, na ikaishaje?"

Kimya kama maji mtungini. Akaanza kusema kuna siku wanafunzi waligoma kula, akaulizwa waligoma kwa nini, akasema maharage yalikuwa na wadudu, akaulizwa aliongea na mwalimu gani, akasema mkuu wa shule, halafu baadaye kidogo akasema mwalimu wa zamu. Wale watu wakatazamana. Yule mama wa pembeni akafunga faili taratibu na kusema, "Asante binti, tutakupigia."

Njia ya mwongo fupi. Hakupigiwa.

Hiyo ilikuwa intavyuu yake ya tisa tangu amalize chuo 2021. Tisa! Alipanda daladala ya Mbagala amekaa dirishani, kajifunika uso na mtandio kama ana usingizi, kumbe analia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba nauli ile, na hela ya kutoa kopi vyeti, ilitoka kwenye mihogo ya mama yake. Mama anakaanga mihogo Rangi Tatu, kila siku anaamka saa 10 usiku. Kila mtoto akitoka kwenda kwenye usaili, mama anauliza kitu kimoja tu akirudi: "Wamekuulizaje kuhusu nyumbani?" Na kila siku mdada anajibu, "Hawajauliza, mama."

Ukweli ni kwamba walikuwa wanauliza. Yeye ndiye alikuwa anasema mama yake ni mfanyabiashara, halafu anahama mada haraka haraka.

Sasa, pale wanapopanga kuna mama mwenye nyumba, muuguzi mfawidhi mstaafu. Kaongoza wodi miaka na miaka, na kakaa kwenye meza za kuwahoji watu mpaka kachoka. Jioni ile mdada alienda kumwomba awavumilie kodi kidogo, akaishia kumwaga yote, pamoja na ule uongo wa dada mkuu.

Mama mwenye nyumba hakucheka wala hakumsema. Akamuuliza, "Kile kikoba cha kina mama, daftari anashika nani?"

"Mimi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na tisa. Walisema mimi ndiye najua kuandika vizuri."

"Na mwaka juzi yule mwenzenu aliposhindwa kurejesha mkopo, watu wakataka kwenda kumbebea friji, nani aliwazuia?"

Mdada akakaa kimya kidogo. "Mimi."

"Basi mwanangu, wewe umeongoza. Ila unaona aibu mahali ulipoongozea."

Wanaojua vikoba wanajua si mchezo. Kina mama ishirini na tano, kila wiki hisa, mfuko wa jamii, mikopo na wadhamini wake. Sanduku la hela lina kufuli tatu na funguo wanashika watu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Katibu akikosea tarakimu moja kwenye daftari, pale panakuwa vita. Yule mwenzao alikuwa amebakiza laki nne. Kundi moja linataka friji, kundi lingine linataka hela zao na kikoba kivunjwe. Binti wa miaka ishirini na kitu ndiye aliyesimama katikati ya watu waliomzidi umri wote, akawasomea katiba yao wenyewe, akapendekeza mama yule alipe laki laki kwa miezi minne. Wakakubali. Kikoba hakikuvunjika na friji halikubebwa.

Hiyo stori alikuwa nayo mfukoni muda wote, halafu anaenda kuazima ya dada mkuu. Alipoambiwa hivyo akabisha: "Mama, naanzaje kusema mambo ya vikoba na mihogo mbele ya watu wa suti?"

"Utaisema kwa hesabu. Watu wa suti wanaheshimu hesabu."

Kuanzia siku ile ikawa kila Jumapili jioni barazani, mama mwenye nyumba na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mdada na simu yake akijirekodi. Alichofundishwa ni kukata stori vipande vinne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, ikatokea nini. Dakika mbili, zisizidi. Mara ya kwanza alitumia dakika saba na bado hajafika kwenye friji.

Aliposikiliza sauti yake mwenyewe aliona makosa ambayo hakuna mtu angemwambia. La kwanza, kila kitu "tulifanya", "tuliamua", "tukakubaliana". Huku kwetu ukisema "mimi" sana unaonekana una majivuno, kwa hiyo mtu anajificha kwenye "sisi" mpaka anapotea. Mama mwenye nyumba akamwambia: kundi lipe sifa yake, lakini yule anayekuhoji haajiri kikoba kizima. Anataka kujua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Wenzako wakikubali sema "walikubali", na wewe ukipendekeza sema "nilipendekeza". Hapo hakuna majivuno, ni kugawa kazi sawasawa.

La pili ni macho. Amelelewa kutomkazia mkubwa macho, kwa hiyo akihojiwa anaongea na meza. Mama akamwambia, "Wewe ukiwa kwenye mihogo mteja akakupa elfu kumi iliyochakaa, unamtazamaje? Unamtazama usoni, kwa heshima, na hela yake unaikagua. Basi tazama hivyo hivyo."

La tatu, haraka. Swali halijaisha yeye kashajibu. Akafundishwa kwamba kunyamaza sekunde tano ukifikiri hakumuudhi mtu, na kusema "naomba urudie swali" si dhambi. Waongo na waoga ndio wanaokimbilia jibu.

La nne, Kiingereza. Alikuwa anafikiri kwa Kiswahili, anatafsiri kichwani, katikati ya njia neno linapotea na yeye anapotea nalo. Dawa ikawa kuiandika stori yake kwanza kwa Kiswahili, akaijua kama jina lake, ndipo akaiweka kwenye Kiingereza chepesi cha sentensi fupi fupi. Misamiati ya mbwembwe yote akaifuta.

Kuna rafiki yake alimletea lile jambo la mtandaoni, kwamba kabla ya intavyuu ingia chooni, simama mikono kiunoni, kifua mbele kama shujaa wa filamu, dakika mbili, utapata kujiamini mpaka kwenye homoni. Huo utafiti ulitoka Marekani 2010 na ulivuma sana. Kisichovuma ni kwamba wengine walikuja kuurudia kwa watu wengi zaidi, yale mabadiliko ya homoni hawakuyaona, na 2016 mmoja wa watafiti wenyewe akasema haamini tena kwamba kitu hicho kina ukweli. Mdada alijaribu mara moja. Alitoka chooni akiwa mwoga vile vile, tofauti ni kwamba alikuwa amechelewa namba yake.

Kilichompunguzia uoga ni kuwa na kitu cha kweli cha kusema. Ukisema la kweli, swali la pili halikuui. Waulize wale wa dada mkuu.

Mwaka jana akaomba nafasi kwenye taasisi moja ya umma kupitia Ajira Portal. Akaitwa usaili wa maandishi, Dodoma. Kama umewahi kwenda unajua: nauli yako, chakula chako, pa kulala juu yako. Vyeti wanataka halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na wale wanaokwenda na karatasi za matokeo badala ya cheti wanarudishwa mlangoni. Mama yake alikopa kwenye kile kile kikoba. Na katibu aliyeandika mkopo ule kwenye daftari ni mdada mwenyewe, mkono unatetemeka.

Usiku wa kuamkia safari mama alikuwa anamenya mihogo. Mdada akakaa chini, akachukua kisu, akaanza kumsaidia. Akasema, "Mama, huwa wananiuliza kuhusu nyumbani."

Mama hakuacha kumenya. "Najua."

"Huwa nawaambia wewe ni mfanyabiashara."

"Na mimi ni mfanyabiashara," mama akasema. "Kwani uliwadanganya?"

Hakuna aliyeongea tena mpaka beseni likajaa.

Maandishi akapita. Akaitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Watu wanne. Swali la tatu likaja kama limetumwa: "Mwenzako kwenye timu ameshindwa kutimiza wajibu wake na wengine wanataka aondolewe. Utafanyaje?"

Akanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Halafu akasema mama yake anakaanga mihogo Mbagala, na wana kikoba cha wanawake ishirini na tano ambacho yeye ni katibu wake. Akasema laki nne, akasema friji, akasema miezi minne. Dakika mbili haijafika, amemaliza.

Mmoja wao akasogea mbele. "Na huyo mama alilipa yote?"

Hapa ndipo mdada wa zamani angesema "ndiyo". Huyu akasema: "Alilipa miezi mitatu. Laki ya mwisho ilikatwa kwenye gawio lake mwisho wa mzunguko. Na kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliandika mkopo ule akiwa na mdhamini mmoja wakati katiba yetu inataka wawili. Tangu siku hiyo siandiki mkopo mpaka wadhamini wote wasaini mbele yangu."

Yule mtu akaandika kwa muda mrefu. Hakuna aliyetabasamu wala kupiga makofi, hii si filamu. Wakamshukuru akatoka.

Sasa usitegemee kwamba alipata kazi ile. Alifaulu usaili, lakini nafasi zilikuwa chache na waliomzidi alama walikuwepo. Wanaofaulu na kukosa nafasi wanawekwa kwenye kanzidata, wanasubiri nafasi nyingine ya kada yao ikitokea. Hilo ndilo jambo ambalo wanaouza semina za kujiamini hawalisemi: unaweza kujibu vizuri na bado ukakosa, kwa sababu watu ni wengi na viti vichache. Kujiamini hakukuongezei viti. Kunakutoa tu kwenye kundi la wale wanaojikosesha wenyewe.

Aliporudi, mama akauliza swali lake lile lile. "Wamekuulizaje kuhusu nyumbani?"

"Nimewaambia mihogo, mama. Na kikoba."

Mama akageuza mihogo kwenye karai. "Wakasemaje?"

"Waliandika."

Mama akacheka peke yake muda mrefu, anarudia, "Waliandika! Mihogo yangu imeandikwa Dodoma!" Jioni ile wateja wote waliambiwa.

Miezi miwili baadaye kampuni moja ya usambazaji ilikuwa inatafuta msimamizi msaidizi wa ghala. Stori ile ile, vipande vile vile vinne, na kosa lile lile akalitaja. Safari hii simu ilipigwa. Mshahara si wa kutisha, lakini mkopo wa kikoba umeisha na kodi inalipwa kwa wakati.

Juzi kati bosi wake alimwambia akae kwenye meza ya kuwahoji makarani wa ghala. Kwa mara ya kwanza akawa upande wa pili. Akaingia dogo mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, macho kwenye meza. Akaulizwa na mwenzake mdada kama amewahi kuongoza chochote. Dogo akaanza, "Nilikuwa kaka mkuu..."

Mdada akainua mkono taratibu. "Subiri kwanza kaka. Nyumbani kwenu, au mtaani kwenu, kitu gani kikiharibika wanakuita wewe?"

Dogo akanyanyua macho. Akafikiri. Akasema mtaani kwao kuna bomba moja la maji la kuchangia, na yeye ndiye anayepanga foleni ya ndoo, tangu siku watu walipopigana pale.

"Haya," mdada akasema, akachukua kalamu. "Tuanzie hapo. Ilikuwaje?"

Na wewe mwenye usaili wiki hii, kabla hujaenda kuazima suti, jiulize swali hilo. Kikiharibika nini wanakuita wewe? Andika majina, tarehe, kiasi cha hela, na ulipokosea. Suti unaweza kuazima, stori usiazime.