Jua Lilivyomgombanisha Mjomba na Fundi

Msomaji wangu, safari hii nimetua Hermanus, mji mdogo wa pwani ya Afrika Kusini, kama kilometa 120 kutoka Cape Town. Wenzangu huenda kule kutazama nyangumi. Mimi nilifuata habari za jua. Usicheke, subiri.

Kwetu Tanga kuna ugomvi wa siku nyingi. Mjomba wangu ni nahodha mstaafu wa meli ndogo ya mizigo. Mwaka 2003, Ramadhani ndiyo kwanza imeandama, yuko baharini saa nane mchana, redio yake ya masafa mafupi ikanyamaza ghafla. Stesheni zote kimya! Aliporudi bandarini hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi aliyeitengeneza wiki ile, akamwita mwizi wa vipuri mbele za watu. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini hadithi hiyo nimekua nayo. Mpaka leo hawasalimiani.

Basi bwana, pale Hermanus kuna kituo cha kupima sumaku ya dunia. Kilihamia hapo mwaka 1941 kutoka Cape Town, maana treni za umeme za jijini zilikuwa zinavuruga vipimo. Vibanda vya vipimo vimejengwa bila chuma. Kabla ya kusogea karibu niliambiwa niache simu, funguo na mkanda. Nikatembea nimeshikilia suruali kama mtoto wa darasa la kwanza!

Tangu Novemba 2022 kituo kina chumba cha zamu, usiku na mchana. Picha za jua zinaletwa na setilaiti, na walio zamu wanakodolea macho madoa yake kama mama anayechunga maziwa yasifurike jikoni.

Dada wa zamu alinifungua macho. Jua likilipuka, kwanza huja mwanga na eksirei, vinavyofika duniani kwa dakika 8 tu. Upande ulio mchana, hewa ya juu, ambayo kwa kawaida huyarudisha chini mawimbi ya redio, huanza kuyameza. Ukiuona mlipuko, ujue umeshafika. Mtabiri anachoweza ni kusema mapema: doa lile linatisha, kaeni chonjo. Pili, pengine huja wingu la gesi yenye sumaku. Hilo kwa kawaida husafiri siku moja hadi tatu, kwa hiyo upo muda wa kuwaonya marubani na wenye mitambo ya umeme.

Nikamsimulia ya mjomba. Akacheka, akafungua kumbukumbu. Tarehe 28 Oktoba 2003 jua lilitoa mlipuko mkubwa sana, kilele chake saa nane na dakika kumi mchana kwa saa za kwetu. Mwili ukanisisimka. Ramadhani ilikuwa na siku mbili tatu tu!

Siapi kwamba ndiyo siku ile. Mjomba hakumbuki tarehe, anakumbuka mfungo. Lakini nilipompigia simu nikamweleza, alinyamaza mpaka nikadhani vocha imekatika. Kisha akauliza taratibu:

"Hivi yule fundi bado anakaa Ngamiani?"

"Yupo, mjomba. Ramadhani ijayo mwite mfuturu pamoja."

Hakujibu, ila hakukata simu. Tukutane wiki ijayo.