Kilicho Karibu na Mkono

Ukitaka kujua mtu anathamini nini, usimwulize. Mpe mbao, umwambie ajitengenezee meza ya useremala yenye droo na mahali pa kuweka zana zake mwenyewe. Kabla ubao wa kwanza haujakatwa, itambidi aamue kipi kikae juu, kipi kikae chini na kipi kisikae kabisa. Uamuzi huo niliufanya uani kwangu, Dar es Salaam, na hadi leo bado unanifunza.

Umbo lenyewe si gumu. Miguu ni mbao za mbili kwa nne zilizogandishwa mbilimbili kwa gundi. Uso ni mbili kwa sita za msonobari, zile zinazoshushwa mjini kutoka Mufindi, zikapigwa randa na kubanwa ubavu kwa ubavu. Kimo hupimwa kwa mwili wa mwenye kazi: unasimama wima, unaiachia mikono ining'inie, na usawa wa kifundo cha mkono ndio usawa wa meza. Ikizidi hapo, unaranda kwa mabega. Ikipungua, mgongo unalipa.

Kigumu ni kile kinachokaa chini ya uso. Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu aliponikuta natafuta karatasi ya kuchorea, hakuniuliza vipimo.

"Mwanangu, ukianza kazi asubuhi, mkono wako unashika nini kwanza?"

"Futi, mzee, na penseli. Halafu skwea."

"Basi anzia hapo. Kinachoitwa kila saa kikae mbele. Kinachoitwa mara moja kwa mwezi kikae nyuma."

Ni ushauri mdogo, lakini unapindua mazoea. Wengi wetu hupanga vitu kwa bei. Drili ya umeme, kwa kuwa iliuma mfukoni, hupewa droo ya juu. Penseli huachwa izurure. Majumbani mwetu ni vivyo hivyo: sahani nzuri zimo ndani ya kabati la vioo zikisubiri wageni, na wenye nyumba wanakula kwenye plastiki zilizopauka. Meza ya kazi haina wageni. Futi ya bei ya chini inayoshikwa tangu asubuhi mpaka jioni ina haki ya kukaa mbele kuliko mashine inayotolewa kwa nadra.

Kupanga kwa matumizi hakumfichi mtu. Patasi zangu zimepangwa kwenye ubao wenye matundu nyuma ya meza, kila moja na tundu lake. Jioni tundu tupu linasema lenyewe kwamba kuna kitu kimebaki kwenye maranda, au kiko kwa jirani. Droo nayo inataja visivyoguswa: tupa za kurithi, keekee ya mkono, misumeno iliyopoteza meno. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia chuma kilichowekwa karibu na bahari. Hewa ya chumvi hula chuma kisichopanguswa kwa mafuta, na zana isiyotumika haipanguswi. Kumpa kijana anayeanza kazi zana ya namna hiyo ni kumsaidia yeye na kuiokoa zana yenyewe.

Kisha kuna tamaa ya kujaza kila upenyo. Nafasi iliyo chini kabisa ya uso huonekana kama imepotea, mkono ukawasha kuiwekea droo. Lakini klampu hubana kwa kushika ubao juu na uso wa meza chini. Droo ikigusana na uso, klampu haina pa kushika, na meza imegeuka kabati. Niliacha upenyo wa kama sentimita 15. Droo zenyewe pia nilizipa nafasi ya kupumua, kwa sababu msonobari huvimba kwa upana mvua za masika zinapoanza, na droo inayobana wakati wa kiangazi haitafunguka Aprili. Tangu hapo nikiona siku yangu imepangwa bila saa hata moja ya bure, najua itakwama mahali.

Hata mzigo una kazi yake. Randa inaposukumwa, meza nyepesi hutembea nayo. Droo za chini, zenye nyundo, misumari na vyuma vizito, ndizo zinazoituliza. Vitu hivyo hivyo vikiwekwa juu, vinaiyumbisha. Hapo ndipo nilipopunguza kulalamikia baadhi ya majukumu yangu: mengine ndiyo yanayonizuia nisiburutwe na kila msukumo.

Fundi wa piano wa Marekani, Henry Studley, aliyefariki mwaka 1925, alijitengenezea kabati la ukutani lenye zana karibu 300, kila moja imekaa katika nafasi iliyochongwa kwa ajili yake. Watu huustaajabia mpangilio ule. Mimi hukumbuka zaidi kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kiwandani, anayetengeneza piano. Bila kazi hiyo, kabati lile lingekuwa pambo.

Meza isiyotoa hata kigoda nayo ni pambo, tena zito. Yangu naipima kwa jambo moja: jirani akileta kiti kilicholegea mguu, je, naanza papo hapo au namwambia arudi kesho? Tangu futi, penseli na skwea vikae mbele, mara nyingi naanza papo hapo. Sijawa hodari zaidi wala mwema zaidi; umbali tu ndio uliopungua. Nadhani mengi tunayojiapiza kila Januari hayahitaji nguvu mpya ya moyo. Yanahitaji kusogezwa karibu, na kingine kilichokalia nafasi hiyo kiondoke.