Kuruka na Kurushwa

Mama mdogo aliinunua kwa dola 280, siku kumi kabla ya Noeli, kwa bwana mmoja anayepokea kontena za vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya. Ilifika kwetu Katuba juu ya pusupusu: vyuma, kitambaa cheusi kilichoviringishwa kama mkeka, ndoo iliyojaa resori, na karatasi nne ndani ya mfuko wa plastiki. Hesabu yake alikuwa amekwisha kuipiga. Dakika tano kwa falanga 500, kila siku ya Mungu baada ya misa, na wakati wa sikukuu kila siku. Pesa ya masomo ya wanawe wawili ilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Karatasi alinipa mimi. "Weye unasomaka maluga," aliniambia, "soma utuambie."

Zilikuwa za Kiholanzi, kwa kuwa trampolini ilitoka Ubelgiji. Mimi ninasoma lugha za Kiafrika. Lakini katika lupango letu mtu anayesoma lugha anasoma lugha zote, kama vile anayetengeneza redio anavyoletewa hata pasi na friji. Sikukataa, maana kukataa kungekuwa kukiri kwamba miaka yote hii chuoni haifai kitu. Nilichukua simu, nikaanza kutafsiri neno kwa neno.

Kurasa mbili za kwanza zilihusu kuipanga. Upana wake ulikuwa mita 3.66, na resori zilitakiwa 72; ndani ya ndoo tulihesabu 67. Resori hazifungwi kwa kufuatana. Unafunga moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili, kisha za katikati yao, hivyo hivyo mpaka duara lijae. Ukifuata mzunguko tu, kitambaa kinavutwa upande mmoja, na za mwisho hakuna mkono utakaoweza kuzifikisha. Tulifanya vizuri. Nafasi tano zilizobaki wazi tuliziacha zote mahali pamoja, karibu na ukuta, kwa sababu ndipo tulipomalizia.

Ukurasa wa tatu ulijaa alama za mshangao na picha ndogo za watu waliokatwa kwa mstari. Niliuruka. Ninakitumia kitenzi hicho kwa makusudi: ndege huruka, mtoto huruka, na msomaji mwenye haraka huruka ukurasa. Watoto walikuwa wamekwisha jipanga kando ya ukuta.

Jioni hiyo sikukosa nafasi ya kusoma. Niliitumia kutafuta asili ya neno. George Nissen, mwanasarakasi wa Iowa, Marekani, alikitengeneza chombo hicho pamoja na Larry Griswold katika miaka ya 1930. Jina alilichukua kwenye Kihispania, trampolín, ubao wa kurukia majini. Akaongeza e mwishoni na kuliandikisha kama alama ya biashara. Wahispania walilipata kwa Waitaliano, na Kifaransa cha shuleni kwetu kilipata humo humo neno lake tremplin. Niliwaeleza watu wa nyumbani yote hayo wakati wa kula, nikajiona nimefanya kazi yangu.

Siku mbili baada ya Noeli, saa kumi ya mchana, watoto wanne walikuwa juu yake. Sikuona ubaya, wanne wanalipa mara nne. Mdogo wao alikuwa mtoto wa jirani, miaka mitano, pamoja na dada yake wa miaka kumi na miwili. Mchezo waliuita kurushana. Mdogo anasimama katikati, mkubwa anatua karibu naye kwa uzito wake wote, na mdogo anapanda juu kupita nguvu ya miguu yake. "Nirushe! Nirushe tena!" Mara ya tatu au ya nne alipanda akiwa amepinda, akashuka pale penye nafasi tano, mkono umetangulia. Mimi nilikuwa chini ya mwembe nikishika saa.

Kiwiko kilivunjika. Hospitali, plasta, dawa: mama mdogo alilipa yote, na pesa ya Noeli ikaishia hapo.

Usiku mama wa mtoto alikuja. Hakupiga kelele. Alikaa, akakataa maji, akanigeukia mimi, si mama mdogo. "Batoto banasema kulikuwa karatasi."

Nilijibu: ndiyo, mama.

"Ilisema nini?"

Nilimwambia kwamba sikuimaliza. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia alichokuwa amekwisha kujua, akaaga.

Usiku ule ule nilitafsiri ukurasa wa tatu, ukanichukua chini ya saa moja. Mrukaji mmoja tu. Hatari ya kugongana. Funga mlango wa wavu kabla ya kuruka. Vua viatu, toa vitu mifukoni. Ruka katikati. Usiruke kitambaa kikiwa kimelowa. Usile ukiwa juu. Usishuke kwa kuruka. Isitumike kwenye upepo mkali. Ulaya kuna kanuni, EN 71-14, inayowalazimisha watengenezaji kuandika maonyo ya namna hiyo. Na wale madaktari wa watoto wa Marekani, katika chama chao American Academy of Pediatrics, walikwisha andika mwaka 2012 kwamba karibu robo tatu ya majeraha hutokea watu wengi wanaporuka pamoja, na kwamba anayeumia zaidi ni mdogo wao. Hawashauri kabisa kuwa nayo nyumbani.

Kwa nini mdogo? Jibu tulilifundishwa darasani mwaka wa kwanza, tukalikariri kwa ajili ya mtihani: ruka, rusha, rushwa. Mkubwa anapotua, kitambaa kinashuka naye na resori zinavutika. Zinaporudi, nguvu ile inampata aliye mwepesi. Tangu hapo mtoto huyo haruki. Anarushwa. Kimo hakichagui, wala mahali pa kutua. Watoto walikuwa wamekwisha kuiweka sababu yote katika neno moja, wakalipiga kelele mbele ya mwanafunzi wa isimu, naye akasikia mchezo tu.

Kesho yake niliandika kibao. Cha kwanza kilikuwa cha Kiswahili ambacho walimu wetu wangekipa alama nzuri: "Ni marufuku kuruka zaidi ya mtu mmoja." Mtoto mmoja alikisoma kwa sauti, akauliza: "Marufuku njo nani?" Wenzake wakadhani ni bwana mwenye trampolini. Nilikifuta, nikaandika: "Watoto wapande mmoja mmoja." Wakatii kabisa. Alipanda wa kwanza, akapanda wa pili, akapanda wa tatu, kila mmoja kwa zamu yake, hawakusukumana hata kidogo, na wote watatu wakaanza kuruka. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Nilichotaka kusema kilihusu walio juu, na nilichoandika kilihusu njia ya kupanda. Cha tatu ndicho kilichobaki, na ninajua kuna mwalimu atakayekunja uso: "Moya anaruka. Bengine banangoya chini."

Kazi ya mikono ilichukua wiki mbili. Resori tulizitoa zote na kuzilaza sakafuni: iliyo nzima inajifunga, pete zake zinagusana, iliyochoka inabaki na mianya, na hiyo unaitupa. Tisa tulizitupa. Fundi mmoja alishauri tuweke resori za pikipiki. Tulijaribu moja, ikavuta tofauti na jirani zake, kitambaa kikaenda upande. Tulirudi kwa bwana wa kontena kununua kumi na nne za namna ile ile, na alitupa kwa bei ya kutuadhibu. Kwa wavu, mama mdogo alitaka ule wa wavuvi wa Kasenga, imara na wa bei rahisi, lakini matundu yake yanapitisha kidole, hata mkono. Tulimpa fundi wa nguo wavu wa zamani aushone kwa uzi wa nailoni, na nguzo tukazivika sponji ya godoro kuukuu. Kisha tukaihamisha mbali na ukuta na matawi ya mwembe, mita mbili wazi kila upande. Ili kupata mita hizo, mama mdogo aling'oa tuta lake lote la lengalenga. Hakusema neno akiling'oa. Miguu tuliifunga ardhini kwa vyuma vya kubetoni vilivyopindwa, kwa sababu ya pepo za mwezi wa nane. Mvua ikinyesha hakuna anayepanda, na kutu ninaitafuta kila siku ya posho.

Kuna sentensi moja ya ukurasa wa tatu niliyomsomea mama mdogo peke yake: chombo hiki ni cha matumizi ya nyumbani tu. Alikuwa anachambua sombe. "Hapa haiko nyumbani?" aliuliza. Nilimweleza kwamba maana yake ni familia, si watu wanaolipa. Akauliza nani atalipa masomo mwezi wa pili. Sikuwa na jibu, na bado sina. Tulikubaliana kwamba mtu mzima atasimama kwenye mlango wa wavu muda wote, na kwamba walio chini ya miaka sita hawatapanda, walipe wasilipe. Sentensi ile haiko kwenye kibao.

Plasta ilitolewa baada ya wiki nne. Mtoto atatimiza miaka sita mwezi wa sita. Kwa sasa anakuja kila siku ya Mungu pamoja na mama yake, anakaa chini ya mwembe na kunishikia saa.