Ukienda Suffolk, Anzia West Stow

Wageni wengi wanaofika mashariki mwa Uingereza kuwatafuta Waanglo-Saksoni hukimbilia dhahabu. Mimi nawashauri waanzie kwenye vibanda vya West Stow, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Bury St Edmunds. Ardhi ya huko ni mchanga na mawe ya gumegume, misonobari imejipanga kwa mistari, na mto Lark, kwa mtu aliyezoea Rufiji au Tana, ni kijito tu. Wakulima waliishi hapo tangu mwanzo wa karne ya 5 hadi karne ya 7, wakahama, mchanga ukafunika kila kitu. Stanley West na wenzake walipachimba kati ya 1965 na 1972, na tangu 1974 baadhi ya nyumba zimejengwa upya pale pale zilipokuwa.

Inama uingie katika mojawapo. Paa la nyasi linashuka karibu na ardhi, kuta ni mbao za mwaloni zilizopasuliwa. Dohani hakuna. Moto unakaa sakafuni na moshi unajitafutia njia kwenye nyasi za paa, ukizikausha na kuwafukuza wadudu. Macho yatakuwasha kidogo, kisha yatazoea. Chini ya miguu yako, chini ya mbao, pana shimo, na shimo hilo limezua ubishi mrefu. Wachimbaji wa zamani walipoyaona mashimo ya namna hiyo walidhani watu waliishi humo humo, katika giza na unyevu, wakikanyaga mifupa ya nyama waliyoila. West alichunguza mabaki ya nyumba zilizoungua akaona dalili za sakafu ya mbao iliyotandikwa juu ya shimo. Wataalamu bado wanabishana, lakini ukisimama humo, miguu mikavu, ni vigumu kutompa West kura yako.

Nimeanza na sakafu na paa kwa sababu huko ndiko furaha ya watu hawa ilikokaa. Katika herufi zao za kuchonga, runi ya nane iliitwa wynn, furaha: mstari uliosimama wima, na pembetatu ndogo juu yake upande wa kulia. Lipo shairi la Kiingereza cha kale lenye beti 29 linaloeleza runi moja baada ya nyingine, na ubeti wa furaha hautaji ushindi wala hazina. Unamzungumzia mtu aliyepunguziwa taabu, anayekula akasaza, mwenye boma la kumtosha. Hati yenyewe iliteketea kwa moto London mwaka 1731. Tunalo shairi kwa sababu George Hickes alikwisha kulichapa mwaka 1705.

Tatizo ni kwamba mtunzi wake aliishi katika zama za Ukristo, si za upagani wa wakulima wale. Wanaouza vijiwe vya runi mitandaoni, kila kimoja na bahati yake, hawapendi kulitaja jambo hilo. Anayetaka furaha ya wapagani wenyewe hana budi kuitafuta ardhini, na katika kalenda yao.

Kalenda tunayo kwa hisani ya mtawa, Bede wa Jarrow, aliyeiandika mwaka 725. Hakuipenda dini ile, lakini hakuificha. Mwaka ulianza usiku wa kuamkia 25 Desemba, ulioitwa Usiku wa Mama. Novemba ulikuwa mwezi wa dhabihu, ng'ombe wa kuchinjwa wakiwekwa wakfu kwa miungu. Mei uliitwa Thrimilchi, kwa kuwa ng'ombe walikamuliwa mara tatu kwa siku. Mfugaji hahitaji kuelezwa furaha ya mwezi kama huo, hasa akiwa ametoka katika miezi ya nyama iliyokaushwa na nafaka ya kupimiwa. Ukilisikia jina hilo umesimama kando ya Lark, majani yakiwa mabichi hadi ukingoni, linaingia akilini lenyewe.

Hata Roma ilielewa nguvu ya furaha hiyo. Mwaka 601 Papa Gregori aliandika barua kwa Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza: sanamu zivunjwe, lakini mahekalu yaachwe na kutakaswa, na watu waendelee kuchinja ng'ombe wao na kula karamu, safari hii kwa heshima ya Mungu, katika vibanda vya matawi kuzunguka makanisa. Hoja yake ilikuwa kwamba wakiachiwa furaha za nje, watazikubali kwa urahisi furaha za ndani. Hakuna ushahidi bora kwamba karamu ndiyo iliyowashika watu wale, kuliko mpinzani wao kuogopa kuwanyang'anya.

Kutoka West Stow elekea pwani, hadi bonde la mto Deben. Kule Rendlesham wachimbaji wametoa misingi ya ukumbi wa kifalme wenye urefu wa meta 23 na upana wa meta 10. Bede anasema mfalme wa eneo hili, Rædwald, alibatizwa, kisha akaweka madhabahu mbili katika hekalu moja: moja ya Kristo, moja ya kuwatolea mashetani dhabihu. Bede alichukizwa. Mimi namwona mwenyeji asiyetaka kumfukuza mgeni yeyote.

Huenda ni yeye aliyezikwa Sutton Hoo, kilomita chache tu kutoka hapo, ndani ya merikebu ya meta 27 aliyoifukua Basil Brown mwaka 1939 kwa agizo la Edith Pretty, mwenye shamba. Habari za kofia ya vita zimeandikwa vya kutosha. Tazama badala yake pembe za kunywea, sufuria kubwa na mnyororo wake mrefu wa kuning'inizia, na vipande vya mbao vya ala ya nyuzi sita, jamaa wa nyatiti ya Wajaluo, iliyozikwa katika mfuko wa ngozi ya biva. Mfalme alifungashiwa karamu nzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki asijione mgeni hapa. Wanawake wengi wa enzi hizo walizikwa na mikoba iliyofungwa kwa pete za pembe za ndovu. Vipimo vya pete za Scremby, Lincolnshire, vimeonyesha kwamba ni za tembo wa Afrika, na ardhi walikopata malisho inaelekea kuwa ya volkano, kama ile ya Bonde letu la Ufa. Pembe zilifika huko karne nyingi kabla Kilwa haijawa dola.

Hazina ya Sutton Hoo iko British Museum, London, chumba cha 41, na kiingilio hakuna. Iendee ukipenda. Ila West Stow nenda Mei, siku ambazo mafundi wanakuja kufuma, kupika na kuwasha moto. Chukua sweta hata jua likiwaka, na usivae nguo unayoionea fahari: moshi ule hautoki kwa kufuliwa mara moja.