Sheria Isiyo na Rufaa

Sheria ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutungwa na watu, huandikwa katika vitabu, na mwenye kuivunja huweza kujificha, kujitetea, kulipa faini au kukata rufaa. Namna ya pili haikutungwa na bunge lolote. Haina askari wala mahakama, na haimwulizi mkosaji kama alikuwa na habari yake. Hizi ndizo sheria za maumbile, ambazo elimu ya fizikia imejipa kazi ya kuzitafuta na kuzipima. Mfalme na mchunga mbuzi huzitii sawasawa.

Anayetaka kuziona hana haja ya kwenda mbali. Makurunge, kata ya wilaya ya Bagamoyo, inamtosha. Hapo hupita barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata, na upande wa bahari iko mikoko na maji haba ambamo wavuvi hupitisha vyombo vyao vidogo.

Basi liondokapo kituoni kwa pupa, abiria waliosimama huelemea nyuma kama minazi ipigwayo na upepo. Mbele kidogo ng'ombe hukatiza njia, dereva hukanyaga breki, na abiria wale wale huangukia mbele. Wao husema kwamba basi limewatupa. Kwa hakika basi halikuwatupa. Lilipoondoka, miili yao ilitaka kubaki pale ilipokuwa; liliposimama, miili ilitaka kuendelea na safari. Kitu kilichotulia hudumu katika utulivu wake, na kitu kiendacho hudumu katika mwendo wake kwa mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadili hali. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Mkanda wa kiti cha gari ni kani hiyo, iliyowekwa tayari ili kioo cha mbele kisiwe cha kwanza kuifanya kazi hiyo.

Mtazame tena mchukuzi wa mkaa na baiskeli yake. Ikiwa tupu, humtii kwa msukumo mdogo. Ikipakiwa magunia mawili, msukumo ule ule huisogeza kidogo sana, na ikiisha kupata mwendo katika mteremko, kuisimamisha ni taabu kama ilivyokuwa taabu kuiondoa. Kani ikizidi, mchapuko huzidi. Tungamo likizidi, mchapuko hupungua. Hiyo ndiyo sheria ya pili, na mchukuzi huijua kwa mabega yake.

Ya tatu huijua mvuvi. Apigapo pondo katika maji haba, huisukuma ardhi nyuma, na chombo huenda mbele. Mtu atauliza: ardhi imesukumwa, mbona kinachokwenda ni chombo? Ni kwa sababu ardhi nayo imemsukuma mvuvi kwa kani iliyo sawa na ile aliyoitoa, nayo imeelekea upande wa pili. Hakuna asukumaye asisukumwe.

Sheria hizi tatu zilipangwa na Isaac Newton katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Kutokana nazo hupatikana jambo ambalo kila dereva angepaswa kulijua: mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati ya mwendo huzidi mara nne. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa juu ya lami kavu, breki zikikamatwa sawasawa, husimama baada ya mita kama 10. Ikienda kilomita 80 kwa saa, mtu hudhani kwamba itasimama baada ya mita 20. Haisimami mpaka mita kama 40. Basi na tuseme mtoto amevuka njia mita 30 mbele yake. Hata kama breki zilikamatwa papo hapo, pikipiki itamfikia ingali na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Dereva huyo atalia na kuapa kwamba alifunga breki, naye atakuwa amesema kweli. Ukweli wake hautapunguza hesabu hata kwa mita moja.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Walikuwa na hekima. Fizikia imeitia hekima hiyo kipimo. Lakini kipimo hakimfai mtu asiyekielewa, na hapa ndipo penye shaka kubwa. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule nyingi za serikali Tanzania Bara imefundishwa kwa Kiswahili, lakini katika sekondari fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeyaona haya yote njiani mwa kwao hufika darasani akaambiwa ayakariri kwa maneno ambayo hajapata kuyasikia nyumbani. Hufaulu mtihani au hushindwa. Kwa vyovyote vile, mara nyingi hatambui kwamba habari ile ni ya basi lile lile lililomleta shuleni.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hao wakumbuke kwamba Newton alikiandika kitabu kile kwa Kilatini. Waingereza wenyewe walikipata kwa lugha yao mwaka 1729, miaka 42 baadaye, na mwandishi alikuwa amekwisha fariki. Kitabu chake cha mwanga, cha mwaka 1704, alikitoa kwa Kiingereza, wala mwanga haukubadili tabia yake. Kwa upande wa Kiswahili, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ni kweli kwamba maneno kama haya humshangaza mtoto siku ya kwanza. Lakini mchapuko ni mzao wa chapuka, neno ambalo mama humwambia mtoto aliyetumwa dukani akazubaa. Na ndani ya tungamo limo tungama, kama damu itungamavyo juu ya kidonda. Neno la namna hii humpa mwanafunzi pa kushika. Anayelifuata hurudi nyumbani, na akiwa nyumbani huweza kumweleza baba yake mwenye pikipiki.

Sheria ya bunge hutangazwa kwanza, ndipo ianze kutumika. Hii isiyo na rufaa ilianza kutumika kabla hajazaliwa mtu wa kuisikia, nayo inatumika leo katika barabara ya Makurunge, juu ya waliosoma na wasiosoma. Kazi iliyosalia kwa wenye elimu ni kuitangaza, kwa lugha ambayo abiria, dereva na mtoto avukaye njia wote wanaielewa.