Kiangazi cha Ugenini

Kijana wa Msata atakaye kujifunza uigizaji husimama penye njia panda kweli: huku Chalinze, kule Segera, na ya tatu Bagamoyo, kilomita 64. Lakini macho yake huenda yakavuka bahari hadi London, ambako chuo cha RADA, kilichoanzishwa mwaka 1904, hupokea wageni kwa majuma machache ya kiangazi. Ada na nauli zaweza kumeza mavuno mazima ya mananasi ya Kiwangwa.

Huko hufundishwa kupumua, kusimama, na kuifikisha sauti kiti cha mwisho. Mambo hayo ni mema, wala hayana kabila. Ulimi ndio wenye kabila. Kiingereza humeza irabu zisizo na mkazo. Kiswahili hudai kila irabu itamkwe kamili, na mkazo ukae katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo halifundishwi na mwalimu wa Shakespeare, hata awe hodari namna gani.

Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kiitwacho leo TaSUBa, hufundisha uigizaji ubavuni mwa ngoma, nao wageni wa Ulaya huvuka bahari kukifuata. Yafaa kijana ayapime hayo kabla ya kuuza shamba. Ebrahim Hussein naye alikwenda kusoma Berlin katika miaka ya 1970. Lakini Kinjeketile, mchezo wake mashuhuri, ulikuwa umekwisha kuchapishwa mwaka 1969.